Motokaa ya Kwetu na ya Ng'ambo: Ipi Hudumu?

Bwana Mkulima na Bibi Mkulima, huenda viazi vimekubali msimu huu na sasa mnataka motokaa ya kupelekea mazao soko la Kawangware, au Toi kule Kibera. Basi msikimbilie bei kwanza. Wako wanaodhani ya kuwa motokaa kutoka ng'ambo ni imara kwa sababu imetoka ng'ambo, na wako wanaobisha kwamba ya kwetu ndiyo inayozijua barabara zetu. Kila mmoja ana nusu ya habari.

Yafaa ujue maana ya "motokaa ya kwetu". Viwanda vya Thika, Nairobi na Mombasa, vilivyoanzishwa katika miaka ya 1970, haviundi injini. Injini na giaboksi huja katika makasha kutoka ng'ambo. Watu wetu huunganisha, huchomelea na kupaka rangi, na vitu kama springi na betri huweza kupatikana hapa nchini. Kwa hiyo pikapu ya Isuzu iliyounganishwa Nairobi ina injini ya Isuzu. Faida yake ni kwamba waweza kuinunua mpya, hakuna aliyeichosha kabla yako.

Wazee watakumbuka Peugeot. Ile ya 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ndugu yake 504 ikashinda 1975 na 1978. Ile ya 504 iliunganishwa Mombasa pia. Mtu aliyepakia kabichi nyuma ya Peugeot hakuuliza iliunganishwa wapi. Aliuliza kama fundi wa karibu anaijua, na kama spea zipo.

Sasa itazame motokaa iliyobuniwa hapa hapa. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde motokaa ya Kenya. Zikaundwa 5, zikaitwa Nyayo Pioneer, zikaonyeshwa kwa watu mwaka 1990. Fedha za kuziunda kwa wingi hazikupatikana, wala hazikufika sokoni. Hatuwezi kusema zilikuwa imara au dhaifu, maana hakuna mkulima aliyepata kupakia viazi ndani yake kwa miaka kumi. Baadaye ikaja Mobius, ya kampuni iliyoanzishwa 2009. Agosti 2024 kampuni ikatangaza kwamba itafungwa kwa sababu ya madeni, kisha ikasemekana imepata mnunuzi. Mwenye motokaa ya namna hiyo hana budi kujiuliza spea atazipata kwa nani.

Tangu biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, zilizotumika Japani zimejaa kwenye yadi za Ngong Road, barabara ipitayo kati ya Kibera na Kawangware. Sheria hairuhusu kuingiza iliyozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Toyota Probox imependwa mno kwa sababu hiyo niliyoitaja: spea zake zipo Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan, na mafundi wa Dagoretti Corner wanaijua. Lakini motokaa isiyo na wenzake barabarani yaweza kungoja taa moja kwa majuma kadhaa, na maziwa hayangoji, wala mkopo wa chama.

Mita ya kilomita huweza kurudishwa nyuma. Tazama pedali: zikiwa zimelika na mita yasema kilomita chache, shuku. Nchi zenye theluji hunyunyiza chumvi barabarani, na chumvi hula chuma. Kwa hiyo lala chini uitazame chesisi. Usione haya mbele ya wauzaji, fedha ni zako. Mchukue na fundi wako mwenyewe, si yule wa yadi, umlipe siku yake.

Na kama mzigo wako ni magunia manne au matano tu, kutoka stendi hadi sokoni, bado huhitaji mkopo. Mkodi mtu wa mkokoteni. Mafundi wa jua kali huiunda kwa ekseli na magurudumu ya magari yaliyokwisha kufa, ya kwetu na ya ng'ambo pamoja.