Ramani ya Mmomonyoko na Usalama wa Maji ya Kunywa

Masika yanapowadia katika Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, maji ya mto Ruvu hugeuka rangi. Udongo wa mashambani huteremka nayo hadi kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, inayolihudumia jiji la Dar es Salaam.

Kwa afya, tope hilo ni zaidi ya suala la rangi. Chembe za udongo huwakinga bakteria na virusi dhidi ya klorini, na mabaki ya mimea huimaliza nguvu dawa hiyo kabla haijawafikia. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba kiwango cha tope kiwe chini ya NTU 1 kabla ya maji kutiwa dawa.

Kuuhifadhi mlima mzima kwa mara moja ni muhali. Hapana budi kuchagua pa kuanzia. Hapo ndipo programu za ramani zinapofaa. Kanuni ya Wischmeier na Smith wa Marekani, iliyoenea kwa mwongozo wao wa mwaka 1978, huzidisha nguvu ya mvua, wepesi wa udongo kumomonyoka, urefu na ukali wa mteremko, mimea inayofunika ardhi, na hatua za hifadhi kama matuta. Programu huligawa bonde katika miraba midogo na kukadiria tani za udongo zinazopotea kwa hekta kila mwaka. Mtaalamu akibadili tarakimu za mimea na matuta, huona ni mteremko upi ukihifadhiwa utapunguza upotevu zaidi.

Hata hivyo, jasho ni la mkulima wa mlimani, na manufaa huwafikia wanywaji wa mjini. Mradi wa CARE na WWF katika eneo la Kibungo Juu ulilizingatia hilo: wakulima walilipwa kwa kutengeneza matuta na kupanda miti.

Kanuni hiyo hukadiria wastani wa miaka mingi, wala haitabiri maporomoko. Februari 1970, mvua moja kubwa ilisababisha maporomoko zaidi ya 1,000 huko Mgeta.

Kwa hiyo ramani haiondoi wajibu wa nyumbani. Maji yenye tope yaachwe yatuame, yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe au yatiwe dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Wahudumu wa afya nao wawakumbushe wagonjwa hayo mapema, kabla ya masika kuanza.