Malori ya Mexico, Bili ya Wakulima wa Marekani

Trela inayotoka Monterrey, Mexico, kwenda Chicago kwa kawaida huvutwa na vichwa vitatu. Cha kwanza huifikisha Nuevo Laredo na kuiacha yadi. Cha pili huivusha daraja la mto Rio Grande, mwendo wa kilomita chache tu, na mara nyingi hurudi kitupu. Cha tatu, cha Kimarekani, huichukua Laredo na kwenda nayo zaidi ya kilomita 2,000. Mzigo mmoja, madereva watatu. Aliyewahi kukaa foleni ya Malaba au Rusumo anajua kwamba kila saa ya kusubiri inalipwa, na anayeilipa ni mnunuzi wa mwisho.

Chanzo ni mwaka 1982, Marekani ilipositisha vibali vipya kwa wasafirishaji wa nchi jirani. Kanada ilifunguliwa mlango karibu papo hapo. Mexico iliachwa nje, malori yake yakiishia ukanda wa mpakani ambao sehemu nyingi hauzidi kilomita 40. Mkataba wa biashara wa NAFTA kati ya nchi hizo tatu, ulioanza Januari 1994, uliahidi kufungua majimbo ya mpakani Desemba 1995 na nchi nzima Januari 2000. Tarehe zote mbili zilipita hivi hivi, na mwaka 2001 jopo la usuluhishi likaamua kwamba Marekani imekiuka mkataba.

Waliopinga ufunguzi huo, chama cha madereva cha Teamsters kikiwa mstari wa mbele, walitaja usalama barabarani: breki, matairi, saa za dereva kwenye usukani. Nyuma ya hoja hiyo palikuwa na hofu ya mshahara, na hofu hiyo haikuwa ya bure, maana dereva wa Mexico hulipwa mshahara mdogo kuliko wa Marekani. Bunge la Marekani liliweka masharti 22 ya usalama. Naona lilifanya vyema. Kosa lilikuja Machi 2009, lilipokata fedha za majaribio ya kuruhusu malori ya Mexico kupita ukanda wa mpakani, yaliyoanza Septemba 2007 chini ya masharti hayohayo.

Mexico ilijibu mwezi huohuo kwa kupandisha ushuru wa bidhaa zipatazo 90 za Marekani, zenye mauzo ya dola bilioni 2.4 kwa mwaka. Viwango vingi vilikuwa asilimia 10 hadi 20; zabibu mbichi zilipigwa asilimia 45. Mkulima aliyekuwa akiuza katoni ya zabibu kwa dola 20 aliona mteja wake anaongezewa dola 9 mpakani. Agosti 2010 orodha ilibadilishwa, ikafika bidhaa 99, nyama ya nguruwe na jibini zikiwemo. Wafugaji hawa na wakulima wa matunda hawakuwa na ugomvi wowote na dereva wa Mexico, lakini ndio waliotozwa hadi Oktoba 2011, ushuru ulipoondolewa wote.

Sasa tuangalie kama gharika la malori lililoogopwa lilitokea. Majaribio mapya, baada ya yale yaliyokatiwa fedha, yalidumu miaka mitatu, Oktoba 2011 hadi Oktoba 2014. Zilizoshiriki ni kampuni 15. Malori yao yalivuka mara 28,225, sawa na mara 26 kwa siku. Katika miaka hiyohiyo malori yaliyoingia Marekani kutoka Mexico yalizidi safari milioni 15. Katika kila safari 1,000, za majaribio hazikufika hata 2.

Uchache huo unaeleweka. Dereva alitakiwa kujua Kiingereza, kampuni ikate bima ya Marekani, na akishashusha Chicago haruhusiwi kubeba mzigo wa kushusha Dallas. Asipopata mzigo wa kurudi Mexico, kilomita 2,000 na ushei anazirudi na trela tupu. Kwa hesabu hiyo, kumkodi mtu wa kuvusha daraja ni nafuu.

Mlango ulifunguliwa rasmi Januari 2015. Mkataba ulioirithi NAFTA, ulioanza Julai 2020, umeiachia Marekani nafasi ya kuubana tena. Na pale Laredo, sehemu kubwa ya trela bado zinabadilisha kichwa.