Pikipiki ipi yafaa kwa safari ndefu mkoani Simiyu?

MTU anayetaka kusafiri kwa pikipiki kutoka Bariadi hadi Arusha hukutana na kikwazo ambacho ramani haikionyeshi. Njia inayoonekana fupi hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, lakini pikipiki haziruhusiwi kuingia hifadhini humo, awe mwendeshaji ni mkulima wa Maswa au mtalii aliyetoka Ulaya. Katika lango la Ndabaka, jirani na Lamadi, mwenye pikipiki hugeuzwa. Sababu haihitaji maelezo marefu: aliye juu ya pikipiki hana bati wala kioo kati yake na simba.

Hubaki njia mbili. Ya kwanza ni ya lami, kupitia Maswa, Mwigumbi, Shinyanga, Nzega, Singida na Babati, mwendo wa zaidi ya kilometa 700. Ya pili hushuka Mwanhuzi wilayani Meatu, huvuka daraja la Sibiti na kuingia Mkalama mkoani Singida, kisha hupanda kuelekea Haydom. Hii ni fupi, lakini ina sehemu kadhaa zisizo na lami. Uamuzi wa kununua pikipiki gani unapaswa kuanzia hapo, kabla mnunuzi hajavutiwa na rangi ya tangi au maneno ya muuzaji.

Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, unasifika kwa pamba. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaoipendeza pamba ndio huohuo unaowatesa wasafiri. Wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka nyufa. Mvua ikinyesha huvimba, hulainika na kunata. Barabara kuu ya Mwigumbi–Maswa–Bariadi–Lamadi, yenye kilometa 171.8, sasa ni ya lami, na aliyezoea kupita humo tu anaweza kusahau kabisa habari za tope. Akiiacha lami na kushika njia za vijijini, hukumbushwa mapema.

Tope la mfinyanzi hung'ang'ania tairi na kupanda nalo hadi chini ya madigadi ya mbele. Pikipiki za kawaida za mjini zina madigadi yaliyokaribiana mno na tairi, hivyo tope hujaa katika nafasi hiyo hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Ndiyo sababu pikipiki zilizoundwa kwa ajili ya porini huwa na madigadi yaliyoinuliwa juu. Asiyejua huyadhani ni pambo.

Jambo la pili ni uzito, na hapa ndipo wengi wenye fedha hupotea. Pikipiki kubwa za safari, kama Honda Africa Twin ya cc 1,100 au BMW R 1250 GS, ni mashine za kupendeza. BMW hiyo ina uzito wa kilo 249 ikiwa na mafuta, kabla ya kuongeza mizigo. Ikilala topeni mahali pasipo na watu, mwendeshaji aliye peke yake hana budi kuinua karibu robo ya tani huku miguu ikiteleza. Boxer ya cc 150, ambayo waendesha bodaboda wengi huitegemea, ina takriban nusu ya uzito huo.

Hoja kwamba pikipiki kubwa huenda mbali zaidi kwa tangi moja nayo inastahili kuhesabiwa. Africa Twin ya kawaida hubeba lita 18.8, na kwa wastani wa kilometa 20 kwa lita, hufikisha kilometa 370 hivi. Boxer hubeba lita zipatazo 11. Ikiendeshwa kwa utulivu na kutoa kilometa 40 kwa lita, hupita 400. Ubora wa ile kubwa hubaki katika mwendo na starehe, hasa kwenye lami na kwa watu wawili wenye mizigo. Anayenuia kupita Nzega na Singida pekee ana haki ya kuifikiria.

Kati ya hizo mbili zipo zile ambazo maofisa ugani na wahudumu wa miradi ya vijijini wamezitumia kwa miaka mingi: Yamaha DT, Honda XL na Yamaha AG. AG iliundwa kwa ajili ya wakulima wa Australia na New Zealand. Mnyororo wake umefunikwa wote, hivyo tope na mchanga haviutafuni, na ina vyuma vya kubebea mizigo mbele na nyuma. Ni ya polepole na haina sura ya kujivunia mbele ya rafiki, lakini kwa njia ya Meatu ni vigumu kuishinda. Mnunuzi atofautishe tu AG100, ambayo injini yake huhitaji oili ya kuungua pamoja na petroli, na AG200 isiyohitaji.

Swali la fundi lisiachwe mwisho. Kabureta hufunguliwa na kusafishwa kwa bisibisi chini ya mwembe; mfumo wa kisasa unaoongozwa na kompyuta ukigoma, huenda ukahitaji kifaa cha kuusoma kilicho mbali sana. Mwandishi Mwingereza Ted Simon, aliyeanza kuizunguka dunia mwaka 1973 na kupita Afrika Mashariki, alitumia Triumph ya cc 500, ndogo kwa vipimo vya wasafiri wa leo, na safari yake ilidumu miaka minne.

Aliyekwisha kuchagua abebe mpira wa ndani wa akiba, viraka, pampu, plagi na kebo ya klachi, kisha aondoke alfajiri. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, kutoka Bariadi hadi Singida kwa njia ya lami ni kazi ya siku nzima, na jioni barabarani huwa kuna ng'ombe wanaorudi zizini na mikokoteni isiyo na taa.