Using'oe kahawa kabla ya kufanya hesabu



Katika vikao vya vyama, Mahagi na hata pande za Djugu kule watu walikorudia mashamba yao, swali moja linatufuata: ning'oe kahawa, nipande maharagwe? Anayeuliza si mvivu. Maharagwe yanaiva kwa miezi mitatu, yanaliwa nyumbani, na watu wa silaha wakifika umepoteza sezo moja tu. Kahawa inaomba karibu miaka mitatu kabla ya kuzaa vizuri, halafu inabaki pale pale wakati wewe unakimbia na watoto. Tangu vita vilipoanza tena Djugu, mwisho wa 2017, kuna watu waliokimbia mara tatu, mara nne. Sisi maagronomu hatuna ulimi wa kumwambia mtu kama huyo kwamba amekosa akili.

Tunachoomba ni hesabu kwanza. Panga inafanya kazi saa moja, na kurudisha shamba ni miaka.

Wazee wanakumbuka robusta ya mabondeni. Trakeomikozi, ugonjwa ule unaokausha mti mzima ukisimama, ulienea kutoka pande za Isiro, ukafika Beni na Ituri, na mwaka 1993 ukaonekana Uganda. Watu waling'oa, wakachoma, na wengi pande za Mambasa sasa wanalima kakao. Arabika ya milimani ugonjwa ule haukuigusa. Arabika iliangushwa na mambo ya watu: mashamba makubwa yaliyonyang'anywa mwaka 1973 na kupewa wasiojua kupogoa, bei ya dunia iliyoporomoka mwaka 1989 mapatano ya kimataifa ya kahawa yalipovunjika, kisha vita. Mwisho wa miaka ya 1980 Kongo ilitoa zaidi ya tani 100,000 za kahawa kwa mwaka. Baadaye ikashuka hadi karibu tani 10,000. Basi mti wa arabika wenyewe ni mzima. Kilicho mgonjwa ni njia kati ya mti na mfuko wako.

Kuna mfano mmoja wa Tanzania tunaopenda kuutaja, ingawa si wa kahawa. Dodoma, nchi kavu ya katikati, watu wanalima zabibu za kutengeneza divai, ile ya misa na ile ya karamu. Wamisionari ndio walioleta mizabibu, na joto la pale linaruhusu mavuno mawili kwa mwaka. Kazi yake inalisha vijiji: wenye mashamba, na nyuma yao wanaolipwa kwa siku kupogoa, kupiga dawa na kuvuna.

Shida ni kwamba zabibu haingoji. Ikivunwa, siku chache tu imeharibika. Kwa hiyo bei haipangwi na mwenye mzabibu, inapangwa na mwenye tangi. Kiwanda cha serikali, DOWICO, kilipoanguka, wakulima walibaki na matunda mikononi na wengine wakang'oa. Viwanda vipya vilikuja, lakini hata hapo kuna misimu zabibu zilioza shambani kwa kukosa mnunuzi. Serikali ikajaribu kusaidia kwa kodi: mwaka wa fedha 2017/18, divai yenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini ililipa ushuru wa shilingi 200 kwa lita, wakati ile yenye zabibu nyingi za nje ililipa zaidi ya shilingi 2,000. Ni msaada wa kweli, tunausifu. Lakini kodi haimpi mkulima tangi. Anayepumua kule ni yule aliyeweza kukamua mwenyewe au pamoja na wenzake, hata kwa mapipa madogo, sababu divai inaweza kungoja mnunuzi na zabibu haiwezi.

Turudi kwetu. Tunda jekundu la kahawa nalo halingoji: lisipomenywa siku ile ile ya kuchumwa, linaanza kuchacha ndani ya gunia na ladha inaharibika. Anayeuza matunda jioni kando ya barabara anauza kwa haraka, na mnunuzi anaijua haraka hiyo. Parche iliyokauka vizuri inangoja miezi.

Lakini je, parche inalipa kazi yake? Hapa ndipo vyama vingi vinaenda kwa imani bila kalamu. Kilo 100 za matunda mekundu hutoa karibu kilo 18 za parche kavu. Tuchukue bei za mfano tu: tunda franka 1,000 kwa kilo, na kumenya, kuosha, kukausha na gunia franka 10,000 kwa kilo 100. Gharama yote ni 110,000. Ukigawa kwa 18, unapata kama 6,100. Maana yake, parche lazima iuzwe kwa zaidi ya mara 6 ya bei ya tunda, la sivyo mmefanya kazi bure. Kwa 7,000 mnabaki na 16,000. Kwa 5,500 mmepata hasara, na siku hiyo ni afadhali kuuza matunda, hata kama sisi wenyewe tuliwafundisha kuosha. Wekeni bei za kwenu, mfanye hesabu upya kila sezo, mbele ya wanamemba wote.

Wanamemba wa Kawa Maber huko Mahagi wanaijua kazi ya vituo vidogo vya kuosha. Waulizeni, wako karibu kuliko sisi.

Sasa tuseme juu ya wale ambao jina lao haliko kwenye daftari la chama. Wachumaji wengi ni mama na vijana wasio na shamba, na siku hizi pia watu waliokimbia vijiji vyao. Tunaomba wachume tunda jekundu peke yake, halafu tunawalipa kwa kilo, jekundu na kijani bei moja. Nani atarudi mara tatu kwenye mti mmoja kwa malipo hayo? Ataburuta tawi zima na hatumlaumu. Chama kinachoongeza kidogo kwa ndoo ya matunda mekundu matupu kinapata kahawa safi, na kinapata pia mikono mwaka ujao. Asipolipwa vizuri ataenda kwenye machimbo ya dhahabu, na kahawa itaiva itaanguka chini, ukiangalia.

Na yule mnunuzi anayevusha kahawa kwenda Uganda? Vilima vya Zombo, ng'ambo ya mpaka, vinalima arabika kama yetu, na kahawa ya Mahagi ikivuka inageuka ya kule bila mtu kuuliza. Wengi wanamwita mwizi. Sisi tunaona ana kitu kimoja chama hakina: pesa mkononi leo, wakati ada ya shule inadaiwa leo. Bei ya New York ilipopita dola 4 kwa ratili, mwanzo wa 2025, alikuwa barabarani kabla ya chama kuitisha kikao. Hotuba juu ya uaminifu haitamshinda. Mfuko wa mavuno ndio utaweza: akiba ya wanamemba iliyowekwa kabla ya sezo, na avansi ya mnunuzi mwenye mkataba, ili mwanamemba apate sehemu kubwa siku anapoleta matunda na mabaki parche ikiuzwa. Avansi iandikwe, na kila mtu aione karatasi.

Kwa aliye na miti iliyozeeka, isiyozaa tena, bado kuna njia kabla ya kung'oa. Kata shina sentimita 30 kutoka chini, kwa msumeno na si kwa panga, kata iinamie upande mmoja maji yasikae. Fanyeni Januari au Februari, mvua haijarudi. Yakichipuka, acha machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, ondoa mengine. Mwaka wa pili mti unaanza kuzaa tena. Usikate shamba zima mara moja: theluthi mwaka huu, theluthi mwaka ujao, na ya mwisho mwaka wa tatu. Na katikati ya visiki, mahali jua linafika, panda maharagwe yako.