Foleni Haizaliwi Mlangoni: Chanzo cha Msongamano na Muda wa Kusubiri katika Idara za Huduma za Dharura

1.0 Utangulizi

Msongamano katika idara ya huduma za dharura ni hali ambayo idadi ya wagonjwa waliomo inazidi uwezo wa idara wa kuwahudumia kwa wakati na kwa usalama. Nchini Tanzania, suala hili limepata uzito mpya. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara ya tiba ya dharura iliyokuwa ya kwanza ya aina yake katika hospitali ya umma nchini, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Aidha, Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, uliozinduliwa Oktoba 2021 kwa shilingi trilioni 1.3, ulihusisha ujenzi wa majengo ya huduma za dharura katika hospitali za ngazi mbalimbali.

Uwekezaji huo unaibua swali la msingi: je, jengo jipya linatosha kupunguza foleni? Makala haya yanajenga hoja kwamba halitoshi, kwa kuwa sehemu kubwa ya msongamano haitokani na mlango wa kuingilia bali na mlango wa kutokea, yaani kuchelewa kwa mgonjwa aliyekwisha kuhudumiwa kupata kitanda wodini.

2.0 Hatua Tatu za Safari ya Mgonjwa

Mwaka 2003 Brent Asplin na wenzake nchini Marekani walipendekeza kielelezo kinachoigawa safari ya mgonjwa wa dharura katika hatua tatu. Hatua ya kwanza ni kuingia: idadi ya wanaofika, uzito wa hali zao na njia iliyowaleta. Hatua ya pili ni kuhudumiwa: kupokewa, kuainishwa, kuonwa na daktari, kupimwa na kuanzishiwa matibabu. Hatua ya tatu ni kutoka: kuruhusiwa kurudi nyumbani, kupewa rufaa au kulazwa.

Umuhimu wa kielelezo hiki ni kwamba kinatenganisha mahali foleni inapoonekana na mahali inapoanzia. Foleni huonekana mapokezi, ndiyo maana lawama nyingi huwaangukia wauguzi wa mapokezi pamoja na wagonjwa wanaodaiwa kuja na maradhi madogo. Hata hivyo, mgonjwa mwenye maradhi madogo kwa kawaida hahitaji machela wala uangalizi wa karibu, na huondoka mapema. Anayeijaza idara ni yule aliyekwisha kuandikiwa kulazwa lakini bado yuko kwenye machela kwa sababu wodi imejaa.

3.0 Hesabu ya Msongamano

Hoja hiyo inaweza kupimwa kwa kanuni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961. Kwa mujibu wa kanuni hiyo, katika mfumo uliotulia, wastani wa idadi ya waliomo ni sawa na idadi ya wanaoingia kwa saa ikizidishwa kwa wastani wa saa ambazo kila mmoja hukaa.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa idara yenye nafasi 20 inayopokea wagonjwa 6 kwa saa. Kati yao, 4 hukaa saa 2 kisha huruhusiwa kurudi nyumbani, na 2 hukaa saa 11 kwa kuwa wanasubiri vitanda. Kundi la kwanza linatumia nafasi 8 (4 × 2), na la pili linatumia nafasi 22 (2 × 11). Jumla ni wagonjwa 30 ndani ya idara ya nafasi 20, hivyo 10 watakuwa ukumbini au koridoni. Ikumbukwe kuwa theluthi moja tu ya wanaofika ndiyo inayotumia nafasi 22 kati ya 30.

Sasa tulinganishe hatua mbili za kurekebisha hali hiyo. Uongozi ukiharakisha uandikishaji na kuokoa nusu saa kwa kila mgonjwa, waliomo watapungua kwa 3 tu na kubaki 27. Lakini muda wa wanaosubiri kulazwa ukishuka kutoka saa 11 hadi 5, waliomo watakuwa 18, na idara itarudi ndani ya uwezo wake bila kuongezewa chumba hata kimoja. Kinyume chake, idara ikipanuliwa hadi nafasi 30 bila kugusa wodi, kila mgonjwa atapata mahali pa kulala, lakini muda wa kusubiri kitanda utabaki uleule.

4.0 Uainishaji: Kupanga Foleni, Si Kuifupisha

Uainishaji wa wagonjwa kwa uzito wa hali zao mara nyingi hutajwa kuwa dawa ya msongamano. Dai hili linahitaji ufafanuzi. Katika mfumo wa uainishaji wa Afrika Kusini, ulioandaliwa na kikundi cha wataalamu wa Cape kilichoundwa mwaka 2004, muuguzi hutumia viashiria kama kasi ya upumuaji, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na kiwango cha fahamu kumpa mgonjwa rangi. Mwenye rangi nyekundu huhudumiwa papo hapo, rangi ya chungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa 1, na kijani ndani ya saa 4.

Utaratibu huu haupunguzi idadi ya wanaosubiri. Unachofanya ni kuhakikisha kuwa kusubiri hakumuui asiyeweza kusubiri. Thamani yake inadhihirika katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Blantyre, Malawi, ambako mapokezi ya watoto yalipangwa upya mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kuanzisha uainishaji na eneo la kuwahudumia papo hapo waliozidiwa. Elizabeth Molyneux na wenzake waliripoti mwaka 2006 kwamba vifo vya watoto waliolazwa vilishuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya asilimia 6 na 8.

Ni muhimu pia kuzingatia kwamba katika matumizi ya kawaida neno foleni hubeba dhana ya haki: aliyetangulia kufika hutangulia kuhudumiwa. Uainishaji unaivunja dhana hiyo mbele ya macho ya ndugu wa mgonjwa. Wasipoelezwa sababu kwa lugha wanayoielewa, wataona upendeleo au rushwa mahali ambapo pana utabibu. Kwa hiyo, maelezo hayo ni sehemu ya huduma yenyewe.

5.0 Kuufungua Mlango wa Kutokea

Ikiwa kizuizi kiko wodini, suluhisho haliwezi kuwa jukumu la idara ya dharura peke yake. Katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York, Peter Viccellio alitetea utaratibu ambao idara ya dharura inapojaa, baadhi ya wagonjwa waliokwisha kuandikiwa kulazwa hupelekwa kwenye koridoni za wodi mbalimbali. Mantiki yake ni kwamba wodi kumi zikipokea mgonjwa mmoja mmoja wa ziada, hatari inagawanywa. Wote kumi wakibaki idara ya dharura, hatari inarundikana mahali pamoja, tena mahali ambapo mgonjwa asiyejulikana bado anaweza kufika wakati wowote.

Katika mazingira ya hospitali zetu, hatua ya kuanzia inaweza kuwa nyepesi zaidi: kuangalia kitanda kinaachwa saa ngapi. Mgonjwa anayeambiwa asubuhi kuwa ameruhusiwa anaweza kuendelea kukikalia hadi jioni akisubiri hesabu ya gharama, kibali cha msamaha, dawa za kwenda nazo au ndugu wa kumchukua. Kila saa ya namna hiyo wodini ni saa nyingine kwenye machela kwa mgonjwa wa dharura.

6.0 Tahadhari kuhusu Vikomo vya Muda

Uingereza iliweka kikomo cha saa 4 kupitia mpango wa huduma za afya wa mwaka 2000. Lengo la asilimia 98 lilishushwa hadi 95 mwaka 2010, na kiwango hicho hakijafikiwa kitaifa tangu Julai 2015. Kikomo hicho kilizilazimisha hospitali nzima kuwajibika. Hata hivyo, watafiti walibaini wagonjwa wengi wakiondolewa idarani katika dakika za mwisho kabla ya saa 4 kutimia. Hivyo basi, kipimo kinaweza kutiiwa bila huduma kuboreka.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa uainishaji humlinda mgonjwa mahututi dhidi ya foleni, ilhali kinachoifupisha foleni yenyewe ni mwendo wa vitanda wodini. Inapendekezwa kwamba kila hospitali yenye idara ya dharura iandike nyakati mbili tofauti kwa kila mgonjwa anayelazwa: muda wa kusubiri kuonwa na daktari, na muda wa kusubiri kitanda baada ya uamuzi wa kumlaza. Wakati wa pili usipoandikwa, lawama itaendelea kubaki mapokezi, na jengo jipya litajaa kama lilivyojaa la zamani.