Mboga bila udongo ndani ya mabati: la kuogopa ni giza

Kila kilimo cha haidroponiki kinapotajwa Kisumu, maswali yanarudi yale yale. Mboga iliyokulia majini ndani ya jengo la chuma si imejaa kemikali? Mabati hayatoi sumu? Na ni kweli inatibu presha? Katika mtaa kama Obunga, ambako ardhi ya kulima ni haba na mabati hayakosekani, wazo la kugeuza godauni kuwa shamba linavutia, na wanaouliza wana haki ya kujibiwa.

Chuma kinaogopwa bure. Zinki ya mabati haiwezi kuruka kutoka paani ikaingia kwenye jani. Itaingia hasa iwapo maji ya mbolea, ambayo huwa na asidi kidogo, yatapitishwa kwenye mtaro au tangi la mabati. Tumia mabomba ya plastiki, shaka imekwisha. Kasoro halisi ya mabati ni joto. Mchana wa Kisumu hukaribia nyuzi 30 mara kwa mara, na maji yanayopashwa chini ya paa hilo hupoteza oksijeni ambayo mizizi inaihitaji. Mizizi ikiikosa, inaoza.

Sasa hizo kemikali. Naitreti inayotokana na samadi ya ng'ombe ni ile ile iliyomo kwenye gunia la mbolea. Mzizi hauna namna ya kuzitofautisha. Jambo la maana ni vile jani linavyoitumia. Ili naitreti iwe protini, sharti kwanza igeuzwe kuwa naitraiti, kisha amonia, kazi inayodai elektroni nane. Mbili za mwanzo hupitishwa na kimeng'enya chenye molibdeni. Sita zinazobaki hutoka kwenye kloroplasti, ambako mwanga ndio unaozisukuma. Jua likizama, jani hukibandikia fosfeti kile kimeng'enya cha kwanza, protini nyingine ikakikamata, na kwa dakika chache tu kimezimwa. Kinazimwa kwa sababu nzuri: naitraiti ni sumu, na gizani hakuna wa kuipokea. Lakini mizizi haiachi kunyonya. Naitreti inarundikana kwenye seli za jani kama makasha bandarini wakati wa mgomo, na mwanga ukiwa hafifu mchana kutwa, rundo hilo halipungui.

Ndiyo sababu sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu miligramu 5,000 za naitreti kwa kilo moja ya letusi iliyokuzwa ndani msimu wa baridi, lakini 3,000 tu kwa ile ya nje wakati wa kiangazi.

Taa za kutosha zipo, ila umeme wake ni mzigo. AeroFarms ya Marekani ilikuza mboga kwa taa za LED katika kiwanda cha zamani cha chuma mjini Newark, na Juni 2023 ikakimbilia mahakama ya ufilisi. Bowery, nayo ya huko huko, ilifungwa Novemba 2024. Kisumu iko karibu na ikweta kabisa. Kufungia mboga gizani hapa na kununua mwanga ni upotevu mtupu. Chuma kiwe nguzo na kenchi, juu ipigwe plastiki inayopitisha jua, pembeni neti. Lishe ya shayiri, ambayo Peter Chege wa Hydroponics Africa amewafundisha wafugaji wa Kenya kuikuza, ni habari nyingine: hukatwa baada ya wiki moja hivi, ikiwa bado inaishi kwa akiba ya mbegu.

Kwa mtu mzima naitreti ya mboga haina neno. Majaribio ya juisi ya biitiruti, yenye naitreti tele, yameonyesha presha ikishuka kidogo. Kwa hicho kidogo matapeli wamejijengea biashara, wakiuza majani ya kawaida kwa jina la tiba. Anayemshawishi mgonjwa aache tembe zake anahatarisha uhai wa mtu, na asivumiliwe.

Mtoto mchanga ndiye wa kuhofiwa. Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa Iowa alieleza jinsi watoto walivyogeuka rangi ya samawati baada ya kunyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji ya kisima yenye naitreti. Tumboni iligeuka naitraiti, ikaiharibu himoglobini isiweze kubeba oksijeni. Visima vifupi vilivyo karibu na vyoo vya shimo vinaweza kuwa na naitreti hiyo hiyo, na bado watu wanaambiwa kuchemsha kunaiondoa. Hakuiondoi! Kuchemsha huua vijidudu. Naitreti hubaki, tena huzidi kukolea maji yanapopungua. Klorini nayo haiigusi.

Basi mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye tu. Mboga iliyopikwa ikalala nje ya friji asipewe mtoto mdogo. Mkulima avune alasiri ya siku yenye jua, baada ya kuipa mimea maji yasiyo na mbolea kwa siku chache, na maji ya kisima ayapeleke maabara kabla ya kuchanganya mbolea yoyote.