Mchango wa Kila Jiko: Shule za Umma za Japani

Mwaka 1869 Mfalme wa Japani alihamia Tokyo. Wenyeji wa Kyoto, mji uliokuwa makao ya wafalme kwa zaidi ya miaka 1,000, waliona mji wao unaanza kudidimia. Wakaamua kujenga shule. Kabla mwaka huo haujakwisha walikuwa wamefungua shule za msingi 64, na fedha walichangishana kwa hesabu ya majiko: kila nyumba inayopika ilitoa fungu lake, iwe ina mtoto wa kusoma au haina. Shule ilikuwa pia mahali pa mikutano ya mtaa, na nyingine zilikuwa na mnara wa kuangalizia moto. Shule moja yenye asili katika mchango huo leo ni makumbusho ya katuni, na watu hulala kwenye majani ya uwanja wake wakisoma.

Serikali kuu ilikuja na sheria yake mwaka 1872. Dibaji ilitaka kijijini pasiwe na kaya isiyosoma, wala ndani ya kaya mtu asiyesoma. Wakuu wa Tokyo, wakiiga kwa sehemu kubwa mfumo wa Ufaransa, waliigawa nchi katika kanda na kupanga shule za msingi 53,760. Lakini mzigo waliutua kwa wazazi. Kanuni zilitaja ada ya nusu yen kwa mwezi, fedha ambayo mkulima wa mpunga hakuwa nayo, na michango ya ujenzi ikawekwa juu yake. Mwaka 1873 walioingia shuleni walikuwa watoto 28 tu katika kila 100. Kwa wasichana, 15. Mwaka huohuo, katika maeneo ambayo sasa ni mikoa ya Okayama na Kagawa, wanavijiji waliokuwa wameudhika pia na uandikishaji wa lazima jeshini walizichoma shule moto.

Hawakuwa watu wanaochukia elimu. Kabla ya sheria hiyo kulikuwa na maelfu ya vyuo vidogo ambako msomi wa mtaa, awe mtawa wa Kibudha, askari wa ukoo au mfanyabiashara, aliwafundisha watoto kusoma, kuandika na kupiga hesabu kwa abakasi. Wazazi walilipa walichokuwa nacho, hata mazao, na msimu wa shamba ulipofika mtoto aliruhusiwa kwenda shamba. Shule mpya ilidai saa kamili, fedha taslimu, na masomo ambayo mzazi hakuyaona faida yake.

Walioachwa nyuma zaidi ni wasichana wa familia maskini waliokodishwa kulea watoto wa wengine. Baadhi ya mikoa iliwafungulia madarasa yao wenyewe. Binti wa miaka kumi au zaidi kidogo alikuja na mtoto wa tajiri wake mgongoni. Penye nafasi, wachanga walilazwa chumba cha pili na wasichana wakapokezana zamu ya kuwabembeleza huku wenzao wakisoma. Sijui picha ya historia ya elimu inayonigusa kuliko hiyo.

Mwaka 1900 ada ya shule za msingi za lazima ilifutwa kwa sehemu kubwa. Ndani ya miaka michache walioandikishwa walipita 90 katika kila 100, wasichana wakiwemo, na mwaka 1907 elimu ya lazima ikaongezwa kutoka miaka minne hadi sita. Wageni hupenda kusifu nidhamu ya mtoto wa Kijapani. Mimi naona jambo kubwa zaidi ni kwamba mzazi alipunguziwa mzigo.

Ila shule hiyohiyo iliyofunguliwa kwa wote ilifundisha utii uliopita kiasi. Amri ya Mfalme kuhusu elimu ya mwaka 1890 ilisomwa kwa heshima ya ibada, na wapo walimu waliopoteza maisha wakijaribu kuokoa picha ya Mfalme moto ulipozuka shuleni. Baada ya kushindwa vita mwaka 1945, watoto walipewa wino na brashi wafute kwa mikono yao kurasa za vitabu zilizotukuza vita. Mwaka 1947 ikaja sheria mpya ya msingi ya elimu, ikafanya elimu ya lazima kuwa miaka tisa, wavulana na wasichana pamoja. Miji mingi ilikuwa majivu, hivyo madarasa mengine yalifanyika chini ya anga.

Usawa uliofuata ulitunzwa kwa mambo ya kawaida kabisa. Mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi haukiachii kijiji maskini mzigo: serikali kuu hutoa theluthi, na mkoa hulipa sehemu kubwa ya kilichobaki. Mkoa pia humhamisha mwalimu kila baada ya miaka kadhaa, hata milimani na visiwani. Mchana watoto wenyewe, wamevaa aproni na kofia nyeupe, hubeba masufuria ya chakula kutoka jikoni, hupakuliana, na hula darasani pamoja na mwalimu. Chakula hicho husimuliwa kuwa kilianza mwaka 1889 katika mji wa Tsuruoka, watawa walipowapa wanafunzi maskini matonge ya wali, samaki wa kuchoma na kachumbari ya chumvi.

Mageuzi ya karibuni yamekwenda kwa kusitasita. Mwaka 2002 mtaala ulipunguzwa kwa karibu theluthi na Jumamosi ikawa ya mapumziko, ili mtoto apumue. Matokeo ya mtihani wa kimataifa wa 2003 yakawatia wazazi hofu, vipindi vikarudishwa, na masomo ya ziada ya jioni ya kulipia hayakuwahi kupungua nguvu. Hapo ada iliyofutwa shuleni imeingia kwa mlango mwingine.

Shinikizo lina bei. Mwaka wa masomo wa 2023 zaidi ya watoto 340,000 wa shule za msingi na za kati walihesabiwa kuwa hawahudhurii, yaani walikosa siku 30 au zaidi bila ugonjwa wala umaskini kuwa sababu. Sheria ya mwaka 2016 ilikubali kwamba mtoto wa namna hiyo anaweza kuhitaji kupumzika na kujifunzia mahali pengine. Sheria hiyohiyo iliitaka mikoa na miji kutoa nafasi katika shule za kati za usiku, ambako wazee waliokosa kusoma baada ya vita hukaa dawati moja na wahamiaji na vijana waliowahi kuacha shule, na kuhitimu kama wanafunzi wengine.